Helldivers 2: Kabla hujamruhusu kijana, uliza anacheza na nani

Jumapili moja jioni nilimwita kijana wangu mezani mara tatu. Mara ya kwanza aliitika, "Naam mama, nakuja." Mara ya pili aliitika kwa sauti ndogo. Mara ya tatu hakuitika kabisa. Ugali ulikuwa unapoa, baba yao ameshanawa mikono na mdogo wake wa kike anaangalia samaki kwa macho ya njaa.

Nikaenda chumbani kwake. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, hedifoni masikioni, padi mkononi, macho hayabanduki kwenye runinga.

"Simamisha hiyo kitu uje ule."

"Mama, hii haisimamishwi. Nikitoka naacha wenzangu watatu."

Nilidhani ni ujanja wa vijana. Nikachomoa waya ukutani. Lakini kabla sijachomoa nilisikia sauti ikivuja kwenye hedifoni. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume mzima, anaongea Kiingereza na kucheka.

"Ni nani huyo?"

"Sijui, mama. Tunacheza naye tu."

Usiku ule kijana alikula matonge matatu akaondoka mezani. Mimi nilikosa usingizi kwa lile jibu la "sijui". Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na humu nyumbani tunawajua marafiki zake wote kwa majina ya mama zao. Huyu ambaye anacheka naye chumbani saa mbili usiku hatumjui hata kwa sura.

Gemu yenyewe inaitwa Helldivers 2. Aliletewa na mjomba wake, mdogo wangu anayeishi Arusha, ambaye naye anaicheza. Kwa Jumamosi tatu zilizofuata nilivuta kiti nikakaa pembeni ya kijana nikaangalia, nikauliza maswali na kusoma habari zake. Haya ndiyo niliyoyapata, mazuri na mabaya, kwa mzazi mwenzangu ambaye ameombwa gemu hii au tayari anaisikia ikinguruma chumba cha pili.

Ni gemu ya namna gani

Helldivers 2 imetengenezwa na kampuni ya Arrowhead Game Studios ya Sweden na kutolewa na Sony. Ilitoka Februari 8, 2024 kwa ajili ya PlayStation 5 na kompyuta, kisha ikaingia kwenye Xbox Series X na S Agosti 26, 2025. Haichezeki kwenye PlayStation 4, kwa hiyo kama nyumbani mna ya zamani, usidanganyike dukani.

Ni gemu ya kupigana kwa risasi katika hadithi ya kubuni ya siku zijazo. Wanadamu wameenea kwenye sayari nyingi, na dunia yao inaitwa Super Earth. Mchezaji ni askari anayeshushwa kutoka angani kupigana na wadudu wakubwa, maroboti, na viumbe wa sayari nyingine walioongezwa Desemba 2024. Wanacheza hadi watu wanne kwa pamoja, upande mmoja. Hakuna mchezaji anayeshindana na mwenzake.

Ilinunuliwa kwa kasi ya ajabu. Sony ilitangaza kuwa nakala milioni 12 ziliuzwa katika wiki 12 za kwanza. Mwishoni mwa 2024, kwenye tuzo za The Game Awards, ilichukua tuzo ya gemu bora ya kucheza na wengine na ya gemu bora inayoendelea kuhudumiwa.

Mazuri yake

La kwanza ni ushirikiano. Nilitegemea kuona watoto wakigombania nani kaua wengi zaidi, nikaona kitu kingine. Silaha nyingine kubwa hutumika vizuri zaidi mmoja akifyatua na mwenzake akimjazia risasi. Vitu vinavyookotwa na mmoja vinaingia kwenye hesabu ya wote. Ukiuawa, mwenzako ndiye anayeita askari mwingine ashuke ili urudi mchezoni. Misheni ikiisha salama, wachezaji wanaweza kukumbatiana. Nilicheka nilipoona wanajeshi wawili wenye mavazi ya chuma wakikumbatiana huku wadudu wanawakimbilia.

La pili, inataka akili tulivu. Ukihitaji bomu au silaha nzito, unabonyeza mishale kwa mpangilio maalumu: juu, chini, kulia, kushoto, na kila msaada una mpangilio wake. Ukikosea unaanza upya, na adui hasubiri. Kijana wangu, ambaye kanuni za fizikia zinamtoka kichwani kama maji kwenye chujio, anajua mipangilio zaidi ya 20 bila kuangalia.

Tena risasi zako zinawadhuru wenzako, na jambo hilo haliwezi kuzimwa. Ukirusha bomu ovyo unawaua ndugu zako. Kwa hiyo wanajifunza kusema "ondoka hapo, narusha" na, mara nyingi zaidi, "samahani".

La tatu ni kwamba vita ni moja kwa wachezaji wote duniani. Kuna ramani ya sayari, na kinachofanywa na maelfu ya watu kinaamua ipi imekombolewa na ipi imepotea. Watengenezaji wanatoa amri kuu, wachezaji wanaamua waelekee wapi. Mei 2024 walipewa chaguo: waende sayari itakayowapa silaha mpya, yaani mabomu ya kutega dhidi ya vifaru, au waende Vernen Wells kuokoa watoto waliokwama hospitalini. Hao watoto hawakuonekana hata kwenye skrini, ilikuwa ni maandishi tu. Wachezaji waliacha silaha wakaenda kuokoa watoto. Watengenezaji nao wakachangia fedha za kweli kwa shirika la Save the Children.

Kijana ndiye aliyenisimulia kisa hicho, tena kwa fahari, ingawa wakati huo alikuwa bado hajaanza kuicheza. Nikajua kuna kitu anakipata humu zaidi ya kelele za bunduki.

Panapouma

Sasa tugeuze upande wa pili.

Kwanza, hii si gemu ya watoto. Wapimaji wa Marekani wameipa alama ya kuanzia miaka 17, na wa Ulaya wameipa 18. Damu ni nyingi. Wadudu wanakatika vipande, na askari naye anaweza kurushwa na bomu akapoteza viungo. Viumbe walioongezwa mwishoni mwa 2024 walikuja na kundi la raia waliogeuzwa na kuwa kama misukule. Binti yangu wa miaka tisa aliwaona mara moja, akalala na sisi siku mbili. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimwacha apite pale.

Pili, kijana hakunidanganya: ni kweli haisimamishwi. Inachezwa kwa intaneti muda wote, na misheni kubwa inaweza kuchukua hadi dakika 40. Misheni huja kwa mafungu, hadi tatu katika operesheni moja, na ukiondoka katikati ya operesheni unapoteza ulichokuwa unakijenga. Ndiyo maana mtoto anasema "bado moja tu, mama". Kuna misheni fupi pia za chini ya robo saa, lakini hizo ni chache.

Tatu, watengenezaji wenyewe wamejikwaa mara kadhaa. Mwezi wa kwanza seva zilizidiwa hadi wakaweka kikomo cha watu 450,000 kwa wakati mmoja, na walionunua wakabaki wanasubiri mlangoni. Katikati ya 2024 walipunguza nguvu za silaha ambazo watu walizipenda. Malalamiko yakawa makubwa mpaka kampuni ikaahidi kurekebisha ndani ya siku 60, na Septemba wakazirudishia nguvu nyingi. Gemu ya namna hii haikai kama ulivyoinunua, na mtoto anaweza kuamka asubuhi akakuta alichokizoea kimebadilishwa.

Nne, na kwangu hili ndilo kubwa, toleo la pili limeondoa kitu kizuri kilichokuwa kwenye la kwanza. Helldivers ya 2015 ilionekana kutoka juu, kama unaangalia ubao wa drafti, na watu wanne waliweza kukaa sebuleni moja, mbele ya runinga moja, kila mmoja na padi yake, wakacheza. Ya pili ina picha nzuri zaidi, inakuweka nyuma ya mgongo wa askari na inasisimua kuliko ya kwanza. Lakini runinga moja ni mchezaji mmoja. Wenzake watatu lazima watoke kwenye intaneti.

Wengi husifu mabadiliko hayo kama maendeleo, na kwa upande wa picha ni kweli. Kwa familia, gemu ambayo ingemkalisha kaka na dada kwenye kochi moja imekuwa gemu inayomfungia kaka chumbani na watu watatu asiowajua.

Mzaha ambao mtoto anaweza asiuone

Kuna jambo lingine ambalo halimo kwenye alama za umri. Gemu nzima ni kejeli. Super Earth inajisifu kwa uhuru na kwa kile inachokiita "demokrasia inayosimamiwa". Ndani ya chombo cha askari kuna ofisa wa demokrasia anayekupa hotuba. Kila kitu ni bendera na kaulimbiu za ushujaa.

Halafu angalia mahesabu. Timu ya watu wanne inaanza na akiba ya askari 20. Wewe ukifa, anashushwa mwingine mwenye mavazi yaleyale, hana jina, anaendelea pale ulipoishia. Misheni inahesabiwa imefanikiwa mkikamilisha kazi, hata kama hakuna aliyerudi akiwa hai. Watengenezaji wanawacheka watawala wanaotuma vijana kufa huku wakiwaimbia nyimbo nzuri.

Mtu mzima anaucheka mzaha huo. Kijana wa miaka 16 je? Nilimuuliza wangu, "Hawa wadudu walifanya nini mpaka mnawaua?" Akanijibu haraka, "Wanataka kuuharibu uhuru wetu."

"Nani kasema?"

Akanyamaza. Akacheza kidogo. Halafu akasema, "Wanasema kwenye chombo."

Hatukuendelea siku ile. Jumamosi iliyofuata yeye mwenyewe akaniambia, bila kuulizwa, "Mama, unajua hawa wa Super Earth ndio wanaofuga wale wadudu? Wanawatoa mafuta." Na ni kweli, ndivyo hadithi ya gemu inavyosema: miili ya wadudu hao inatoa mafuta ya kuendeshea vyombo vya angani. Alikuwa amefungua jicho. Lakini kama nisingekaa pale na kuuliza swali moja la kijinga, labda angeendelea kupiga saluti tu.

Fedha, bando na akaunti

Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 40, karibu shilingi laki moja. Kwenye PlayStation 5, kucheza na wengine kunahitaji pia usajili wa PlayStation Plus, ambao unalipiwa.

Ndani ya gemu kuna duka. Vifurushi vya silaha na mavazi vinanunuliwa kwa sarafu za mchezo, kwa kawaida 1,000 kwa kifurushi, na sarafu 1,000 ni kama dola 10. Nawapa haki yao: sarafu hizo zinaokotwa pia kwenye misheni bila kulipa, na kifurushi hakiishi muda wake, kwa hiyo mtoto halazimiki kukimbizana na tarehe. Hakuna pia bahati nasibu ya kununua boksi usilojua ndani lina nini. Bado vifurushi vipya vinaendelea kutoka, na kijana mwenye kadi ya benki ya baba kwenye akaunti yake atajaribiwa.

Kuhusu bando, kwenye kompyuta gemu hii ilikuwa imevimba hadi zaidi ya GB 150. Mwishoni mwa 2025 watengenezaji walitoa toleo lililopunguzwa hadi kama GB 23. Kama unapakua kwenye kompyuta, hakikisha unachukua hilo jipya.

Suala la akaunti linatugusa moja kwa moja sisi wa huku. Mei 2024 Sony ilitangaza kuwa wanaocheza kwenye kompyuta kupitia Steam nao watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation. Tatizo ni kwamba mtandao huo hauhudumii rasmi nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo wakati huo. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji waliandika maoni ya hasira zaidi ya laki mbili, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma, ikafuta sharti hilo.

Wenye PlayStation hawana njia nyingine, lazima wawe na akaunti. Ndiyo maana watu wengi hapa wanatumia akaunti zilizosajiliwa kwa jina la nchi nyingine, mara nyingi zikifunguliwa na fundi au muuzaji. Sisi tulifanya hivyo. Nilipoifungua akaunti ya kijana nikakuta amezaliwa mwaka 2000. Kwa macho ya mtandao, mwanangu ni mwanamume wa miaka ishirini na kitu. Hakuna kizuizi hata kimoja kilichokuwa kinafanya kazi, na yule mtu mwenye sauti nzito pengine aliamini anaongea na mtu mzima mwenzake.

Tulivyoamua nyumbani

Baba yao alitaka gemu irudishwe Arusha siku hiyohiyo. Hoja yake ilikuwa fupi: imeandikwa 18, mtoto ana 16, mjadala umekwisha. Sikuweza kumwambia amekosea, na mzazi atakayeamua hivyo sina neno naye. Hoja yangu ilikuwa kwamba kijana ameshaicheza miezi minne bila sisi, na tukiiondoa atakwenda kuichezea kwa wengine ambako hatumwoni. Tulibishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana mambo matano, na baba yao ndiye aliyeyaandika.

Moja, runinga na PlayStation vimetoka chumbani vimekuja sebuleni. Hedifoni zimewekwa kabatini, na sauti inatoka kwenye spika, kila mtu anasikia.

Mbili, tulifungua akaunti mpya mbili. Ya kwanza ni yangu kama msimamizi wa familia. Ya pili ni ya kijana, na safari hii tumeandika tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. PlayStation ina sehemu ya usimamizi wa familia ambapo mzazi anaweka umri wa gemu zinazoruhusiwa, muda wa kucheza, kikomo cha matumizi ya fedha na nani mtoto anaweza kuwasiliana naye. Gemu iliyozidi umri inaruhusiwa na mzazi mwenyewe, moja moja. Kijana alipoteza vyeo vyote alivyokusanya kwenye akaunti ya zamani. Alilia. Miaka 16, na alilia mbele ya mdogo wake. Iliniuma, lakini sikurudi nyuma.

Tatu, chumba chake cha mchezo ndani ya gemu kimewekwa kwa marafiki pekee, na maongezi ya sauti na wageni yamezimwa. Mipangilio yote miwili imo kwenye gemu, haichukui hata dakika tano.

Nne, anacheza mjomba wake akiwepo kwenye timu. Mjomba hayupo, gemu haipo.

Tano, hatupimi tena kwa saa. Tunapima kwa misheni: mbili Jumamosi, na ya pili lazima ianze saa moja kamili au kabla. Hakuna kuitwa mezani katikati ya vita, na hakuna kuanza vita wakati sufuria iko jikoni. Binti anakuwa kwa jirani au chumbani kwangu.

Wiki mbili za kwanza kijana alinuna. Wiki ya tatu nilikuwa napanga sahani nikasikia mdogo wangu anapiga kelele kutoka Arusha, kupitia spika za runinga yangu, "Kushoto! Kushoto kwako, mjomba!" Halafu sauti ikashuka ghafla, yenye adabu zote: "Shikamoo dada, kumbe upo hapo."

"Marahaba. Mlinde mwanangu huyo."

"Namlinda, ila kaniua mara mbili."

Kijana alicheka mpaka padi ikamponyoka. Jumamosi iliyopita misheni ya pili iliisha saa mbili kasoro dakika kumi. Akazima mwenyewe, akaenda kunawa mikono, akakaa mezani kabla ya baba yake.